Taa Zako Zinamulika Barabara au Macho ya Mwenzako? Somo la Kurekebisha Taa za Gari na Pikipiki

Jioni moja nilitoka Taveta nikielekea Voi, gari likiwa limejaa mikungu ya ndizi za harusi ya ndugu. Giza lilinikuta Maktau. Kutoka hapo hadi Bura, karibu kila gari nililokutana nalo lilinimulikia fulu, likazima, likawasha tena. Mimi nilijua niko kwenye dimu, kwa sababu ile taa ndogo ya buluu kwenye dashibodi haikuwa imewaka. Nikajiambia kwamba madereva wa siku hiyo hawana adabu. Wawili watatu niliwajibu kwa fulu yangu.

Nilipokaribia Mwatate, mwendesha boda boda aliyekuwa akija upande wa pili aliacha lami akaingia kwenye nyasi. Nilisimama. Alikuwa ameanguka, kiwiko na goti vimechubuka, kioo cha pikipiki kimevunjika. Nilidhani atanitukana. Badala yake alirudi nyuma hatua kama thelathini, akasimama mbele ya gari langu, na mwanga ukamfika kifuani. "Mkubwa," akaniita, "hii dimu yako inatazama watu usoni. Hebu angalia gari lako kwa nyuma." Nikaangalia. Kwa uzito wa ndizi, gari lilikuwa limepiga magoti nyuma na pua imeinuka. Wote walionimulikia njiani walikuwa wakinionya, nami nikawalipa ubaya.

Nilimlipia kioo na dawa, tukaagana vizuri. Ingeweza kuwa vingine. Lau kungekuwa na lori nyuma yake, au mtu anayetembea kandokando ya barabara pale alipoingia, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine.

Somo hili ni la yeyote anayeendesha chombo usiku katika Kaunti ya Taita Taveta: mwenye gari dogo, dereva wa matatu, wa lori, wa tuktuk na wa boda boda. Ni la mtembeaji pia. Vifaa vinavyohitajika ni ukuta, chaki, futi ya kupimia na bisibisi.

BARABARA ZETU ZINA MAMBO YAKE

Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Usiku malori ya masafa marefu hufuatana, na kati ya Maungu, Voi na Manyani sehemu nyingi hazina taa hata moja ya barabarani. Dereva anategemea taa zake tu. Barabara ya Voi hadi Taveta nayo inapita mbugani na kwenye ranchi, ambako ndovu, nyati na pundamilia huvuka wakati wowote. Ile ya Mwatate kupanda Wundanyi ni ya kona kali, na miezi ya baridi ukungu hushuka hadi dereva haoni boneti yake vizuri.

Katika mazingira hayo, taa iliyoinama mno humnyima dereva nafasi ya kuona hatari mapema. Iliyoinuka mno humwondolea mwenzake uwezo wa kuona. Kati ya hizo mbili kuna kipimo sahihi, na kipimo hicho kinajulikana.

DIMU INAVYOFANYA KAZI

Taa za fulu hupeleka mwanga mbele moja kwa moja, mbali na juu. Zimetengenezwa kwa ajili ya barabara isiyo na mtu mbele yako. Taa za dimu zimetengenezwa kwa namna nyingine: mwanga wake una ukingo juu. Chini ya ukingo kuna mwanga mwingi, juu yake ni karibu giza. Ukisimamisha gari mbele ya ukuta usiku utauona ukingo huo wazi, kama mstari.

Mstari huo haujanyooka wote. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, upande wa kulia wa mwanga, anakotoka mwenzako, ukingo huwa chini na umelala sawa. Upande wa kushoto, kwenye kando ya barabara, ukingo hupanda kidogo ili uwaone watembeaji, baiskeli, mifugo na vibao. Magari mengi yanayotoka Japani na Uingereza yana taa za aina hii kwa sababu huko pia wanaendesha kushoto.

Hapa kuna tahadhari kwa wanaonunua taa kuukuu baada ya ajali. Taa iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye gari lako, lakini ukingo wake hupanda kulia. Hata uirekebishe namna gani, itaendelea kumpiga machoni anayekuja na kuacha giza upande wa mtembeaji. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele ya ukuta.

HESABU NDOGO YENYE UZITO MKUBWA

Taa za gari dogo nyingi ziko sentimita 60 hadi 70 kutoka ardhini. Kipimo kinachotumika sana kwa taa zilizo chini ya sentimita 80 ni kwamba ukingo wa dimu ushuke asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita 1 ya mbele. Kwenye magari mengine kipimo hiki kimeandikwa karibu na taa au ndani ya boneti, kwa mfano 1.0% au 1.2%. Ukikiona, fuata hicho cha gari lako.

Chukua taa iliyo sentimita 65 juu. Ikishuka asilimia 1, ukingo wake utagusa lami mita 65 mbele. Ukiinamisha hadi asilimia 3, utagusa lami karibu mita 22 tu. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kwa sekunde moja. Kwa maneno mengine, mwenye taa zilizoinama hivyo anaona kitakachotokea sekunde moja ijayo na si zaidi.

Sasa geuza upande wa pili. Kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma, gari dogo lina karibu mita 2 na nusu. Mzigo ukilishusha nyuma kwa sentimita 5 tu, mwanga hupanda kwa asilimia 2. Taa iliyokuwa ikishuka asilimia 1 sasa inapanda asilimia 1. Mita 50 mbele, ukingo uliopaswa kuwa sentimita 15 kutoka ardhini unafika sentimita 115. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Bado uko kwenye dimu, na bado unapofusha.

Kuna njia ya haraka ya kujijaribu, na nilifundishwa na yule kijana wa boda boda bila yeye kujua. Simamisha gari mahali tambarare, washa dimu, mwambie mtu asimame hatua thelathini mbele, ambazo ni kama mita 20. Kwa gari dogo, mwanga mkali umfike magotini au juu yake kidogo. Ukimfika kiunoni kuna kasoro. Ukimfika kifuani, usisafiri usiku huo kabla ya kurekebisha.

KABLA YA KUGUSA SKRUBU

Mara nyingi tatizo haliko kwenye skrubu. Kagua haya kwanza:

Upepo wa magurudumu. Gurudumu la nyuma lenye upepo mdogo huinua pua ya gari. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva.

Springi na shokamzoba. Zikichoka, gari huinama hata likiwa tupu. Ukirekebisha taa bila kubadilisha springi, baada ya muda mfupi zitapotea tena.

Uchafu. Vumbi letu jekundu na wadudu wa barabara ya Taveta hufunika kioo cha taa taratibu, na dereva haoni tofauti kwa sababu mwanga hupungua kidogo kidogo. Futa taa kwa maji na kitambaa laini kila unapoanza safari ya usiku. Matone ya tope pia hutawanya mwanga kuelekea machoni mwa wengine.

Kioo kilichogeuka manjano. Taa za siku hizi ni za plastiki ngumu, na jua huzichoma hadi zikawa na ukungu. Fundi anaweza kuzisugua kwa msasa laini wenye maji, akazing'arisha, kisha akapaka rangi angavu inayozuia jua. Dawa ya meno huzing'arisha kwa siku chache tu, halafu ukungu hurudi.

Balbu. Hakikisha imekaa sawa kwenye nafasi yake. Balbu ya H4 ina meno matatu na huingia kwa njia moja tu. Ikilazimishwa au ikilegea, mwanga hutawanyika ovyo, na hakuna skrubu itakayourekebisha. Usishike kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana mpya moja na kuukuu moja hazitoi mwanga sawa.

Kitufe cha kushusha taa. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba 0 hadi 3 au zaidi. Ni kwa ajili ya mzigo. Namba 0 ni ya dereva peke yake au na abiria wa mbele. Kadiri nyuma inavyojaa, panda namba, na taa zitashuka. Wengi tumekaa na kitufe hiki miaka bila kukijua. Kabla ya kupima, kirudishe 0.

HATUA KWA HATUA MBELE YA UKUTA

1. Tafuta mahali tambarare mbele ya ukuta ulionyooka. Uwanja wa shule, ukuta wa ghala au wa kituo cha mafuta unafaa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ardhi ikiwa na mteremko, kipimo chote kitakuwa cha uongo.

2. Toa mzigo. Tangi liwe nusu hivi, na mtu wa uzito wa dereva akae kwenye kiti cha dereva. Tikisa gari kwa kulibonyeza kila upande mara mbili tatu ili springi zikae.

3. Sogeza gari hadi likaribie kugusa ukuta. Kwa chaki, weka alama ya msalaba ukutani mbele ya katikati ya kila taa ya dimu. Katikati ni pale balbu ilipo. Taa nyingi zina alama ndogo kwenye kioo chake.

4. Rudisha gari nyuma moja kwa moja, bila kukata usukani, hadi taa ziwe mita 5 kutoka ukutani. Pima kwa futi. Usikadirie kwa macho.

5. Chora mstari uliolala, sentimita 5 chini ya zile alama mbili. Hiyo ndiyo asilimia 1 kwa mita 5. Ukiwa na nafasi ya mita 10, chora sentimita 10 chini, na kipimo kitakuwa sahihi zaidi.

6. Washa dimu. Funika taa moja kwa kadibodi au gunia, bila kuigusisha kioo kwa muda mrefu kwa sababu ya joto. Angalia ukingo wa ile iliyo wazi. Sehemu iliyolala, upande wa kulia, ikae juu ya mstari wako. Mahali ukingo unapoanza kupanda kuelekea kushoto pawe chini ya alama ya msalaba.

7. Fungua boneti. Nyuma ya kila taa kuna skrubu mbili. Moja huinua na kushusha mwanga, nyingine huupeleka kulia na kushoto. Nyingi hufunguka kwa bisibisi ya nyota, baadhi kwa spana ndogo ya namba 8 au 10. Zungusha robo mzunguko, angalia ukuta, zungusha tena. Ikikataa usiilazimishe, kwa sababu meno yake ni ya plastiki na yakivunjika utanunua taa nzima.

8. Fanya vivyo hivyo kwa taa ya pili. Kisha washa fulu. Kwenye magari ambayo dimu na fulu ziko kwenye taa moja, kitovu cha fulu kitakuwa karibu na usawa wa zile alama za msalaba. Ukirekebisha dimu, fulu hufuata.

9. Nenda barabarani mahali patulivu ukajaribu. Kama madereva wanaokuja hawakumuliki, na unaona kando ya kushoto vizuri, kazi imekwisha.

Fundi mwenye ujuzi hatumii zaidi ya nusu saa. Rudia kipimo kila unapobadilisha balbu, springi au magurudumu ya ukubwa tofauti, na kila baada ya kugonga kitu kwa mbele hata kama taa haikuvunjika.

PIKAPU, MALORI NA MATATU

Kadiri taa inavyokuwa juu zaidi, ndivyo inavyopaswa kuinama zaidi. Kwa gari ambalo taa zake ziko zaidi ya mita 1 kutoka ardhini, kipimo ni asilimia 1.5 hadi 2. Ukutani, mita 5, hiyo ni sentimita 7 na nusu hadi 10 chini ya alama. Wenye pikapu zilizoinuliwa springi wazingatie hili, maana waliyoiinua si bodi peke yake.

Wasafirishaji wa mchanga, makonge, ndizi na mifugo wajiulize swali moja: gari lako huwa na mzigo mara nyingi zaidi, au huwa tupu? Kama kila usiku linasafiri limejaa na halina kitufe cha kushusha taa, ni busara kupima likiwa na mzigo wa kawaida. Na mzigo upangwe vizuri. Vizito vikisogezwa mbele kuelekea kati ya ekseli, mkia hautainama kama vikirundikwa nyuma kabisa.

BODA BODA NA TUKTUK

Pikipiki huinuka pua kwa urahisi kuliko gari. Abiria mmoja mzito, au gunia nyuma, hubadilisha mwelekeo wa taa papo hapo. Habari njema ni kwamba kurekebisha ni rahisi: taa nyingi za pikipiki zimeshikwa kwa bolti mbili za pembeni, na kwenye nyingine kuna skrubu moja chini. Mwombe mwenzako akae nyuma kama abiria, simamisha pikipiki wima mita 5 kutoka ukutani, legeza bolti, inamisha taa hadi ukingo au kitovu cha mwanga kishuke sentimita 5 chini ya usawa wa taa, kisha kaza.

Kwenye vituo vya boda boda, watu wawili wanaweza kupima pikipiki zote za kituo kwa jioni moja. Ukuta mmoja na mstari mmoja wa chaki vinatosha.

Zile taa ndogo za LED zinazofungwa kwenye usukani au bampa hazina ukingo wa juu. Zimetengenezwa kumulika shamba au eneo la kazi. Dereva wa boda boda anayeziwasha mbele ya gari anajihatarisha yeye mwenyewe, kwa kuwa dereva aliyepofushwa hajui pikipiki iko upande gani wa mwanga huo.

MWANGA MKALI ZAIDI SI LAZIMA UONE ZAIDI

Madukani zinauzwa balbu za LED za kuweka mahali pa halojeni, na watu hufurahia weupe wake. Shida ni kwamba kioo cha ndani ya taa kimechongwa kulingana na mahali hasa ambapo waya wa balbu ya halojeni hung'aa. Ukileta chanzo cha mwanga chenye umbo lingine, ukingo hupotea na mwanga hutawanyika juu. Wewe unaona lami nyeupe karibu na boneti na kufurahi, lakini mbele hakuna nyongeza kubwa, na anayekuja haoni kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa zenoni iliyopachikwa kwenye taa ya halojeni. Magari yaliyotoka kiwandani na LED au zenoni ni jambo tofauti, kwa sababu taa zake zimejengwa kwa ajili hiyo.

Balbu za nguvu kupita kiasi nazo zina hasara yake. Balbu ya kawaida ya dimu ni wati 55. Ukiweka ya wati 90 au 100, nyaya na soketi hupata joto ambalo hazikutengenezewa, na plastiki huyeyuka. Kama taa zako ni hafifu ingawa balbu ni mpya, mwambie fundi akague kwanza kutu kwenye soketi, waya wa ardhi na chaji ya betri. Mara nyingi dawa iko hapo, na ni rahisi kuliko balbu mpya.

ADABU ZA USIKU

Taa zikishakuwa sawa, kinachobaki ni mkono wa dereva.

Shusha fulu mapema unapoona mwanga wa gari lingine, hata kabla gari lenyewe halijatokea kilimani au kwenye kona. Shusha pia unapomfuata mwenzako, kwa kuwa vioo vyake vitamrudishia mwanga wako machoni.

Ukipofushwa, usilipize. Madereva wawili waliopofushwa ni hatari kuliko mmoja. Punguza mwendo, elekeza macho kwenye mstari wa kushoto wa barabara, shika upande wako. Macho huhitaji sekunde kadhaa kurudi, na kwa watu wazima muda huo ni mrefu zaidi. Sekunde 3 kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 66 bila kuona.

Usiendeshe kwa kasi inayozidi mwanga wako. Kwa kilomita 80 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzuri, kutoka kuona hatari hadi kusimama ni karibu mita 70. Kwa kilomita 100 ni karibu mita 100. Dimu iliyorekebishwa vizuri hufika mita 65. Basi anayekwenda 100 kwa dimu, hata taa zake ziwe nzuri namna gani, hawezi kusimama mbele ya kitu anachokiona.

Kwenye ukungu wa Wundanyi tumia dimu, na taa za ukungu kama unazo. Fulu hugonga ukungu na kukurudia kama ukuta mweupe.

Palipo na ndovu, kumbuka ule ukingo wa mwanga. Dimu humulika miguu tu, na miguu ya ndovu ina rangi ya vumbi letu lenyewe. Kiwiliwili na macho viko juu, gizani. Punguza mwendo sehemu zenye vibao vya wanyama. Ukimwona, simama mbali, rudi kwenye dimu, usipige honi, mwache apite. Akipita mmoja, ngoja: huenda wenzake wako nyuma.

KWA WATEMBEAJI

Wewe unayetembea huliona gari kutoka mbali sana, na ni rahisi kudhani kwamba dereva naye amekuona. Hajakuona. Aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu mno. Tembea upande wa kulia ili utazamane na magari yanayokuja, vaa au shika kitu cheupe au chenye kung'aa, na watoto wanaotoka masomo ya jioni wafundishwe hivyo hivyo. Mchunga mifugo asivushe ng'ombe gizani bila tochi mbele na nyuma ya kundi.

NANI ANAHUSIKA?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu, na taa ni sehemu ya hali hiyo. Ukaguzi wa magari uko chini ya NTSA, na utekelezaji barabarani ni kazi ya polisi. Kwa Katiba ya 2010, kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho. Mafunzo ya ufundi vijijini nayo ni jukumu la kaunti. Mkaazi akiona taa ya mtaani imezimika, aripoti kwa ofisi ya wadi yake. Kukiwa na ajali, piga 999 au 112.

Lakini hakuna askari wala mkaguzi atakayekuwa Maktau saa mbili usiku kupima taa za kila anayepita. Hapo ni wewe na anayekuja mbele yako, na kila mmoja ameshika usalama wa mwenzake mkononi.

JIKAGUE LEO

Kabla ya safari yako ijayo ya usiku:

• Futa taa zote, mbele na nyuma.
• Pima upepo wa magurudumu.
• Panda namba ya kitufe cha kushusha taa kulingana na mzigo.
• Hesabu hatua thelathini: mwanga uwe magotini.
• Wenzako wakikumulikia mara kwa mara na uko kwenye dimu, simama ukague. Huenda wanakuonya.

Ndizi za harusi zilifika, ila usiku ulikuwa umekwenda sana. Mimi na yule kijana tulihamisha nusu ya mikungu kutoka nyuma ya gari hadi kiti cha abiria, kisha nikaendesha pole pole hadi Voi. Njia yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenimulikia.